KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Jina la Mtu kwa Karatasi



Imetufikia barua kutoka Butimba, kwa mwalimu mmoja wa kike akaaye karibu na Chuo cha Ualimu. Asema kwamba jioni, akiisha kusahihisha madaftari, hukata karatasi za rangi vipande vyembamba, huvizungusha kimoja kimoja, kisha huvibandika juu ya kadi nene hata pakatokea jina la mtu: la mtoto wa ubatizo, la bwana na bibi arusi, la mwalimu mkuu anayestaafu. Watu waliyaona majina hayo, wakayapenda, wakaanza kuagiza. Kabla ya Noeli iliyopita aliagizwa majina 4 kwa mara moja. Akanunua karatasi, gundi, fremu na vioo kwa fedha ya mshahara wake. Wawili walikuja, wakalipa na kushukuru. Wawili hawakuja hata leo, na wakipigiwa simu husema kesho. Majina yale mawili yangali ukutani kwake, na kila mgeni humwuliza kama ni ya watoto wake. Sasa amechoka, naye atuuliza: je, aiache kazi hii?

Hatutaki aiache. Lakini hatutamjibu kwa maneno ya kumbembeleza tu, maana swali lake ni la fedha na la haki, na wasomaji wengi waliojaribu kupata senti mbili tatu kwa kazi za mikono wajua uchungu wake.

Natusema kwanza juu ya kazi yenyewe, kwa ajili ya wale wasioijua. Kuzungusha karatasi ni kazi ya zamani. Katika nchi za Ufaransa na Italia masista wa nyumba za watawa walikusanya vipande vyembamba vilivyokatwa pembeni mwa vitabu, vyenye rangi ya dhahabu ukingoni, wakavizungusha kwa shina la unyoya wa bata bukini, wakapambia picha takatifu na vyombo vya kutunzia masalio ya watakatifu. Dhahabu ya kweli hawakuwa nayo. Karatasi iliwafanyia kazi ya sonara. Katika karne ya 18 mabibi wa Uingereza wakaishika kazi hiyo, wakapamba masanduku ya chai na vikapu. Mwandishi Jane Austen, katika kitabu chake Sense and Sensibility kilichotolewa mwaka 1811, asimulia habari za msichana aliyeahidi kumtengenezea mtoto mdogo wa mwenyeji wake kikapu cha namna hiyo, na mwenzake akajitolea kumsaidia kuzungusha karatasi, kumbe ataka nafasi ya kusemezana naye faraghani. Akina mama waliowahi kuketi pamoja kuchagua mchele wataelewa mara moja. Nasi tuangalie jambo hili: kikapu kile kilikuwa cha mtoto mmoja ajulikanaye kwa jina, si cha mtu yeyote apitaye.

Kwa Butimba kazi hii si mgeni wa kushangaza, kwa kuwa chuo kile kimejulikana nchini kwa kuwafundisha walimu wa sanaa, muziki na michezo, na mikasi na gundi ni vyombo vyao vya kila siku. Atakaye kujaribu na achukue karatasi ya kawaida ya A4, ambayo urefu wake ni milimita 297 na upana 210. Akiikata kwa kufuata urefu, vipande vya upana wa milimita 5, atapata vipande 42 kwa karatasi moja. Ile ya ofisini ya gramu 80 yatosha kwa kujifunza, lakini hulegea upesi. Ya gramu 120 husimama vizuri zaidi. Chombo cha kuzungushia hakinunuliwi. Twaa sindano kubwa ya kushonea magunia, vunja ncha ya tundu lake kwa koleo ili ibaki kama uma mdogo wenye meno mawili, upande wa pili uchomeke katika kipande cha kuni laini kiwe mpini. Ncha ya karatasi huingia kati ya meno yale, nawe huzungusha polepole. Ukiisha kuzungusha, toa sindano, uache karatasi ifunguke kidogo kama ganda la konokono, kisha ubandike mwisho wake kwa gundi. Kibane upande mmoja, kitakuwa chozi. Kibane pande mbili, kitakuwa jicho. Kibane pande nne, kitakuwa mraba. Kwa maumbo hayo matatu na duara lenyewe waweza kufanya jani, ua, samaki, mtumbwi, na kila herufi ya alfabeti.

Herufi huandikwa kwanza kwa penseli. Mpaka wake huwekwa kwa vipande vilivyosimama kwa ubavu kama ukuta wa nyumba, kisha ndani hujazwa viduara. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: hujaza kwanza, halafu wataka kuweka mpaka, na ukuta haukubali kupinda tena. Herufi S na G zataka uvumilivu. Jina la herufi 5, kila herufi ikiwa na kimo cha sentimita 6, lilinilia mimi viduara kama 120, yaani karatasi 3 hivi, na jioni 3 za saa mbili mbili. Ndiyo kusema, gharama ya karatasi ni ndogo sana, na gharama ya macho na vidole ni kubwa. Anayekutajia bei kwa kuhesabu karatasi tu hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Gundi iliyo bora ni ile nyeupe ya maduka ya vitabu, tena kidogo kidogo kwa ncha ya njiti. Uji mzito wa muhogo nao hushika, bali mende huupenda, na siku moja utaikuta herufi ya kwanza imeliwa. Fremu iwe ya kina, ili kati ya kadi na kioo pawe na nafasi ya milimita 10. Fremu ya picha ya kawaida hulaza viduara vyote, na kazi ya jioni tatu hugeuka kuwa karatasi zilizokanyagwa.

Sisi tukaao kandokando ya ziwa tuna mambo mawili ya kuangalia ambayo wenzetu wa nchi kavu hawayajui. La kwanza ni unyevu. Siku za mvua karatasi hunywa maji ya hewani, viduara hulegea, na gundi hukawia kukauka; vipande vilivyokatwa na vitunzwe katika kopo lenye kifuniko, wala usifunge kioo kabla kadi haijakaa mahali pakavu siku mbili nzima. La pili ni wale wadudu wadogo watokao ziwani kama wingu la moshi, hasa mwezi unapoandama, ambao hufuata taa usiku. Niliwahi kupaka vanishi jina la bibi arusi mmoja usiku kama huo, dirisha likiwa wazi. Asubuhi jina lilikuwa na manyoya. Paka vanishi mchana.

Sasa twarudi kwenye fedha ya mwalimu wetu. Ng'ambo ya ziwa, huko Kampala, wanawake wengi wamefanya kazi iliyo ndugu ya hii. Hukata karatasi za magazeti na kalenda za zamani kwa umbo la pembetatu ndefu, huzizungusha ziwe shanga, huzitia gundi na vanishi, kisha hutunga mikufu. Shirika la BeadforLife, lililoanza mwaka 2004, lilinunua shanga zao na kuziuza Marekani na kwingineko, na wengi walisomesha watoto na kupata makazi kwa shanga hizo. Tena Iringa, kazi za Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana zilianza mwaka 2003 na vijana 3 viziwi, waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono, hata kwa kinyesi cha tembo. Mkufu wa Kampala usiponunuliwa na mtu huyu leo, utanunuliwa na mwingine kesho. Kadi ya Iringa hali kadhalika. Lakini jina la mtoto, mwalimu wangu, halina mnunuzi wa pili. Aliyeagiza asipokuja, hakuna njia ya kuligeuza kuwa jina la jirani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi yako na kazi ya sokoni, na bei yako na desturi yako ya kupokea maagizo zapaswa kuifuata tofauti hiyo.

Kwa hiyo usikate hata kipande kimoja kabla hujapokea nusu ya bei. Nusu hiyo ilipe fremu, kioo na karatasi, na jioni yako ya kwanza. Najua neno litakalosemwa. Kati ya watu wanaosali pamoja na kufundisha pamoja, kudai fedha mbele yaonekana kama kumwambia mwenzako kwamba humwamini. Nimelisikia mara nyingi, nami mwenyewe nililiamini zamani. Lakini tazama yaliyompata huyu mwalimu: wawili wale hawakuwa wageni, walikuwa jamaa wa shule moja, na leo wakimwona njiani hupita upande wa pili wa barabara. Urafiki ulioogopewa kuvunjika kwa kudai mbele umevunjika kwa kutodai. Fundi cherehani wa Mkuyuni hutaka fedha kabla ya kukata kitambaa, na hakuna amwitaye mtu asiye na imani. Mwenye kutoa zawadi naye hupata faida: akiisha kulipa nusu, huikumbuka siku ya sherehe.

Ukitaka kumpa mtu jina lake bure, mpe bure kwa moyo wote, umwambie mapema kwamba ni zawadi yako. Kinachotia sumu ni kazi iliyo katikati, ambayo mmoja aiona ni biashara na mwingine aiona ni hisani.

Pamoja na nusu ya bei, taka jina limeandikwa. Si kwa kusikia, wala si kwa ujumbe wa simu uliofupishwa, bali kwa herufi zake zote, na ikiwezekana kwa mkono wa mwenyewe au wa mzazi wake. Majina yetu ya Kisukuma yenye Ng' yana alama ile ndogo baada ya g. Wengi huiacha wanapoandika haraka, na mwenye jina huona kama amekatwa sikio. Kiduara kimoja kidogo chatosha kuiweka. Majina ya ubatizo nayo huandikwa kwa namna tatu nne, na kila nyumba ina yake.

Katika hili naungama kosa langu. Mwaka juzi baba mmoja, jirani yetu, aliniagiza jina la mwanawe apataye Kipaimara. Mtoto huyo ni pacha. Wasukuma, kama mjuavyo, humwita pacha wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, nami katika nyumba ile nilimzoea zaidi Doto, ambaye huja kwetu kuchota maji. Sikuuliza. Nikaketi jioni tatu, nikazungusha herufi nne kwa rangi ya samawati na nyeupe, nikatia na samaki wawili pembeni. Siku ya sherehe baba akafungua karatasi mbele ya watu, akanyamaza. Aliyepata Kipaimara alikuwa Kulwa. Mwenzake alikuwa mgonjwa wakati wa mafundisho, akasubiri mwaka mwingine. Kulwa alitazama jina la ndugu yake, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akaenda kukaa nyuma. Sijasahau namna alivyokaa. Wiki iliyofuata nilimfanyia jina lake, bila kudai kitu, na leo yote mawili yako katika ukuta mmoja. Lakini siku yake ilikuwa imekwisha kupita. Laiti ningaliuliza swali moja tu mlangoni.

Basi tangu hapo nauliza zaidi ya jina. Ni nani huyu? Apenda nini? Sherehe ni ya siku gani? Ana ndugu wa umri mmoja? Mwalimu anayestaafu baada ya kufundisha hesabu miaka mingi hatafurahia maua kama atakavyofurahia ubao mdogo mweusi wenye hesabu moja ya chaki, ambayo huweza kufanywa kwa vipande vyeupe vilivyosimama. Mvuvi wa Kayenze mpe mtumbwi wake, kwa rangi alizoupaka mwenyewe. Mambo hayo hayapatikani dukani kwa bei yoyote, maana mwenye duka hamjui mtu huyo.

Yabaki yale majina mawili yaliyo ukutani kwa mwalimu wetu. Usiyatupe, wala usiyaache hapo yakuudhi kila jioni. Fungua fremu zote mbili kwa kisu chembamba upande wa nyuma. Fremu na vioo ni mali yako, vitafaa kwa waagizaji wanaolipa. Kadi zenye majina ni kitu kingine. Mmoja wa wale wawili, waandika, ni mtoto wa darasa la pili, hapo hapo shuleni kwako. Yeye hakuagiza kitu wala hakukataa kulipa. Mpe kadi yake bila fremu, bila kumtaja mzazi wake. Na usiitie katika bahasha, kwa sababu viduara vitalala. Itafutie sanduku la viatu, uweke karatasi iliyofinyangwa pembeni, alibebe mwenyewe mpaka nyumbani.

Barua za mwezi ujao zitufikie kabla ya tarehe 15. Wengi wameuliza juu ya ukili na rangi zake, nasi tutaanza na hizo.