Mchwa wa mwanangu na kijana wa kabina



Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya kukausha sombe. Mnivumilie, nitairudia juma lijalo. Kumeingia jambo nyumbani kwangu ambalo limeninyima usingizi siku mbili, na nafikiri litafika kwenu pia, maana watoto wetu wako na telefone mkononi, na wengine wao hawachezi tu, wanajifunza kutengeneza.

Mtoto wangu wa pili anasoma mambo ya kompyuta. Wakati wa likizo alikaa chini ya muembe na kompyuta ya kukunja niliyomnunulia Likasi, ya zamani, betri yake haimalizi hata saa moja, akatunga mchezo. Ni mchezo wa labirinti: kuta nyingi, njia nyingi, karibu zote zinafungika mbele yako, na moja tu inafika. Mukitaka kuelewa vizuri, kumbukeni kichuguu kinapokatwa na jembe, zile njia ndogo zinazozunguka ndani. Kijana amechukua mfano palepale. Katika mchezo wake wewe ni mchwa aliyepotea, unatafuta chumba cha malkia kabla maji ya mvua hayajaingia. Kuna vyumba 30. Mimi chumba cha 4 kimenishinda.

Akawapa rafiki zake bure, nao wakapeana kutoka telefone hadi telefone. Mpaka hapo hakuna neno. Lakini siku chache baadaye nilikuwa Likasi, nikasimama kwenye kabina moja kununua unite. Kijana wa pale ni wale wanaotia nyimbo na filamu katika telefone za watu. Akaniambia, « Mama, nina mchezo mpya, watoto wanaupenda sana, franka 500 tu. » Akanionyesha. Ni mchwa wa mwanangu! Nikamuuliza umetoka wapi. « Kwa intaneti, mama. » Alisema hivyo bila haya, na naamini hata yeye hakujua.

Nilirudi nyumbani na moto kifuani. Mwanangu aliposikia, aliruka kwa furaha: « Mama, Likasi wanaucheza! » Mimi sikuruka. Ile kompyuta ni mifuko miwili ya mahindi yangu. Mtu mwingine anakula franka 500 kwa kila kichwa, na mtunga mchezo anaomba kwangu pesa ya daftari. Nilitaka kurudi kesho yake nimfundishe adabu yule kijana mbele ya soko zima.

Aliyenizuia ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ameshika kompyuta tangu zile zilizokuwa na kioo kizito kama sanduku. Alikuja siku ya Mungu, akala bukari, akasikiliza malalamiko yangu, akacheka. Akasema, « Shemeji, hiyo palabre ni ya zamani. Wamarekani waliimaliza kabla huyu mtoto hajazaliwa, na walioimaliza ni watu wa michezo ya labirinti. »

Ndivyo nilivyopata somo ambalo nawaletea leo.

Mwaka 1982, kompyuta za nyumbani zilipokuwa bado ngeni, programu ziliuzwa katika maboksi, kwa bei kali. Watu walizinakili kwa siri na kupeana. Wanaume wawili huko Marekani, Andrew Fluegelman na Jim Knopf, kila mmoja na programu yake, wakageuza jambo hilo juu chini. Wakasema: nakili, mpe jirani, hatukukatazi, lakini ukiona inakusaidia, tutumie dola kwa posta. Mwaka uliofuata akaja wa tatu, Bob Wallace, na programu ya kuandikia barua iliyoitwa PC-Write. Ndiye aliyeueneza utaratibu huo kwa jina la shareware, maana yake programu ya kugawiana.

Huyu Wallace ndiye aliyenifungua macho, nitamrudia. Lakini kwanza habari ya labirinti.

Mwaka 1987, kijana mmoja wa Texas jina lake Scott Miller alikuwa na mchezo ulioitwa Kroz. Msifikirie picha nzuri za leo. Kuta zake, wanyama wake na mchezaji mwenyewe, vyote vilichorwa kwa herufi na alama ambazo kompyuta ilikuwa nazo tayari. Unatembea kati ya kuta, unaokota vito, unapiga adui kwa fimbo ya kamba. Miller alikuwa amekwisha kuwapa watu michezo yake mingine mizima, akiomba tu wamtumie kitu. Waliotuma walikuwa wachache. Mnajua wenyewe: mtu akishashiba, hakumbuki kulipa sahani.

Basi safari hii akaugawanya mchezo. Sehemu ya kwanza akaiacha huru. Mtu yeyote aichukue, ainakili, ampe amtakaye. Mwisho wake kulikuwa na tangazo: zipo sehemu nyingine, ukizitaka, tuma pesa kwa anwani hii. Pesa zikaanza kufika kwa posta, hata akaacha kuomba na kuwa mfanyabiashara. Kampuni yake, Apogee, ilitumia njia hiyohiyo mwaka 1992 kutoa Wolfenstein 3D, labirinti ambayo unaiona kama uko ndani yake: kipande cha kwanza bure, vingine kwa kulipa. (Mchezo wenyewe ni wa bunduki tu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nisingemnunulia mtoto.)

Wale waliouza maandazi na mikate barabarani watasema, hiyo tunaijua, ni kuonjesha. Mnampa mtu kipande, akipenda ananunua. Nami nilisema hivyohivyo, lakini shemeji akakataa. Kipande cha mkate ukikitoa, kimekwisha kwako. Programu siyo hivyo. Inafanana zaidi na miti ya mihogo. Jirani akikuomba miti ya kupanda unamkatia, na shamba lako linabaki vilevile, na mwaka ujao kijiji kizima kina mbegu yako. Hasara iko wapi? Iko pale tu ambapo mtu anauza ile miti kwa bei, akisema ni yake.

Na hapa ndipo penye karatasi ambayo wenzetu wanaiita lisansi. Mimi nilidhani lisansi ni kitu cha ofisi, chenye muhuri na malipo. Kumbe ni maneno ya mwenye kitu kwa yule anayekipokea: nakuruhusu hili, hili sikuruhusu. Wale wa zamani waliyaandika ndani ya disketi yenyewe pamoja na mchezo. Mengi yalikuwa ya namna moja. Nakili mchezo mzima, usipunguze wala usibadilishe, usifute jina langu. Ukimpa mtu, unaweza kumlipisha disketi na kazi yako ya kunakili, siyo mchezo. Kulikuwa na nyumba zilizoishi kwa kazi hiyo, zikituma disketi kwa posta kwa dola chache, na watunzi waliziruhusu, maana zilibeba mbegu zao mpaka miji ambayo wenyewe wasingefika. Disketi ya wakati ule ilibeba kilobaiti 360. Picha moja ya arusi katika telefone yako haingeingia.

Mnaona sasa nilivyokosa? Yule kijana wa kabina nilimwita mwizi, lakini mwanangu alitoa mchezo wake bila neno hata moja. Hakuandika jina, wala bei, wala ruhusa. Inchi yetu iko na sheria ya haki za watungaji, ya tarehe 5 Aprili 1986, na kazi ya mtu haipaswi kuuzwa na mwingine bila ruhusa yake. Lakini nani atapanda mpaka tribinali ya Likasi juu ya franka 500? Nauli peke yake inazidi. Neno lililoandikwa mapema lingetusaidia kuliko hakimu.

Sasa nirudi kwa Wallace. Programu yake, mtu aliyejiandikisha alilipa dola 75, akapewa kitabu cha maelezo na kopi yenye nambari yake mwenyewe. Halafu aliruhusiwa kuigawa ile kopi. Mtu mwingine akiipokea, akapenda, akalipa pia, Wallace aliangalia nambari, akamtumia yule wa kwanza dola 25. Yaani mwenye kunakili alikuwa mfanyakazi wake! Niliposikia hayo nilinyamaza, nikamfikiria kijana wa kabina na meza yake, mwavuli wake, na watu wote wanaopita pale tangu asubuhi hadi jioni.

Tulikaa sisi watatu, shemeji akisema, mwanangu akiandika, nami nikikata maneno yaliyozidi. Tukaugawanya mchezo. Vyumba 10 vya kwanza ni vya wote. Karatasi inayofunguka mwanzoni inasema, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwamba mtu anaweza kuvinakili na kuvigawa apendavyo, bila kubadilisha kitu na bila kufuta jina la mtunzi; na mwenye kabina anaweza kuchukua pesa ya kazi yake ya kunakili, isipite franka 200. Chumba cha 11 kina mlango. Anayetaka kuendelea anatuma franka 2 000 kwa M-Pesa, mara moja tu, naye anapokea nambari ya kufungulia. Kila kabina inayogawa ina herufi zake ndani ya kopi, na mlango ukifunguliwa kupitia herufi hizo, mwenye kabina anapata franka 500.

Mwanangu alitaka bei iwe 5 000. Nilimuuliza ni mama gani wa hapa atatoa 5 000 juu ya mchwa. Akashusha.

Nisiwafiche, mlango huo ni mimi nao nitaulizwa, ninyi pia mtaulizwa. Mtoto atakuja na telefone yako: « Mama, imefungwa, wanataka pesa. » Usikasirike haraka, wala usilipe haraka. Uliza mambo mawili: ni mara moja, au kila siku? Na ukilipa, unapata nini? Michezo mingi ya leo haina mlango mmoja, ina mtego kila hatua. Leo nyota, kesho funguo, keshokutwa uhai mpya, na unite yako inakwisha bila wewe kujua. Scott Miller alimwonyesha mtu bei yote kabla hajatoa dola ya kwanza. Hiyo naiheshimu.

Na lingine, kwa wale wenye watoto wanaotunga nyimbo, wanaopiga picha, wanaoshona mitindo yao: waandike jina na ruhusa siku ya kwanza, kabla ya kumpa hata rafiki. Sisi tulichelewa. Kopi ya zamani, yenye vyumba vyote 30, bado inatembea Likasi na hatuwezi kuirudisha.

Nilienda kabina mimi mwenyewe, siyo kwa vita. Kijana aliponiona aliogopa. Nafikiri mtu alikwisha kumwambia. Nikamsomea karatasi. Akauliza mara mbili kama ile 500 ni kweli, halafu akafuta mchezo wa zamani mbele yangu na kutia mpya. Jumamosi tulihesabu: milango mitatu imefunguka kwa herufi zake. Tukamtumia 1 500, naye siku ileile akapiga telefone, siyo kwa kushukuru, bali kulalamika kwamba nambari ya mteja mmoja haifungui kitu. Mwanangu yuko chini ya muembe tangu jana anatafuta kosa. Betri imekwisha tena, na umeme haujarudi.