Mambo ya Nyumbani: Mzizi Mweupe na Majani ya Seji



Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mzizi mmoja wa Ulaya uitwao pasinipi, na jinsi ya kuupika nyumbani kwa majani mabichi ya seji. Huenda baadhi yenu mkauliza, "Yatuhusu nini sisi mizizi ya Wazungu, nasi tunayo yetu tele?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kuweka kalamu chini, maana katika sufuria hii mna upishi, na tena mna neno liwapasalo wazazi na walimu.

Kwanza tuujue mzizi wenyewe. Pasinipi ni ndugu wa karoti. Umbo lake ni lile lile, nene juu na kuchongoka chini, ila rangi yake ni nyeupe iliyokaribia manjano. Ikipikwa huwa laini na tamu, na ladha yake yafanana na karoti iliyochanganywa na kiazi kitamu, pamoja na ukali kidogo kama wa viungo. Hupenda nchi ya baridi. Kwa hiyo haifai kupandwa pwani, bali yaweza kujaribiwa milimani, mahali zistawipo karoti na kabichi, kama Lushoto katika milima ya Usambara, au Limuru katika nchi ya Kenya. Mbegu zake hazidumu. Yafaa kupanda mbegu mpya kila mwaka. Nazo huchelewa kuota, pengine majuma matatu au zaidi, hata mtu asiye na subira hulilima tena tuta lake akidhani zimekufa. Zipandwe pale pale zitakapokaa, wala miche isihamishwe, kwa sababu mzizi ukisumbuliwa hugawanyika kama vidole.

Kule Uingereza wakulima wengi huiacha pasinipi udongoni hata majira ya baridi. Usiku umande huganda juu ya majani, ukawa mweupe kama chumvi, ndiyo jalidi. Mzizi ukipatwa na baridi hiyo hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na hivyo pasinipi iliyong'olewa baada ya jalidi ni tamu kuliko ile iliyong'olewa mapema. Basi mkiila iliyokua mahali pasipo jalidi, msishangae ikiwa utamu wake ni wa kadiri.

Neno la hadhari halina budi kutangulia upishi. Utomvu wa majani na mashina ya pasinipi ukiigusa ngozi, kisha jua likapiga mahali pale, ngozi hutoka malengelenge kama iliyochomwa na moto, na alama yaweza kukaa siku nyingi. Avunaye na avae mikono mirefu, akaoshe mikono yake upesi, na watoto wasichezee majani hayo. Tena, huko Ulaya iko mimea ya mwituni ambayo mizizi yake hufanana na pasinipi, nayo ni sumu ya kuua; watu wamekufa kwa kuidhania chakula. Wazee wetu walijua jambo hili katika mihogo, wakatufundisha kutenga michungu na mitamu, na kuiloweka na kuianika ile michungu kabla ya kuila. Kanuni ni moja kila nchi: mzizi usioujua usiutie chunguni.

Sasa tuje kwenye seji. Huu ni mmea mdogo uliotoka pande za bahari ya Kati, wenye majani marefu ya rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, laini kama kitambaa cha manyoya. Ni wa ukoo mmoja na mrehani na nanaa, lakini harufu yake ni nyingine kabisa, nzito na kali. Kwa hiyo mwenye mrehani bustanini asidhani anayo seji. Jina lake la Kilatini ni *salvia*, nalo latokana na neno lenye maana ya uzima na salama, kwa kuwa watu wa kale waliitumia kama dawa. Hata leo wako wanaosukutua koo kwa maji yaliyochemshwa majani yake. Majani machache katika chakula hayana neno, lakini chai nzito ya seji haifai kwa mama mjamzito wala anyonyeshaye. Mmea huu hupenda jua na udongo usiotuama maji. Kijiti kilichokatwa na kutiwa katika kopo la mchanga wenye unyevu huweza kutoa mizizi, kikawa mmea mpya.

Haya, mama wa nyumba, washa jiko. Kwa watu sita twaa pasinipi ratili mbili, yaani yapata kilo moja. Majani mabichi ya seji kumi na mawili. Siagi vijiko viwili vikubwa. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja kikubwa. Chumvi, na pilipili manga kidogo. Chagua mizizi ya kadiri, migumu kwa kuiminya. Ile mikubwa mno huwa na moyo mgumu kama kijiti.

Ioshe, uimenye maganda membamba, kisha uipasue kwa urefu vipande vinne. Ukiona moyo wa katikati ni mgumu, uutoe kwa ncha ya kisu. Vipande vyote na vilingane, visije vingine vikapondeka na vingine vikabaki vibichi. Vitie katika maji yachemkayo yenye chumvi, uhesabu dakika tano tu tangu maji yarudie kuchemka. Mwaga maji, uviache vipande katika sufuria bila kifuniko, mvuke utoke vikauke. Usiharakishe hapa, kwa maana kipande chenye maji hakikaangiki.

Teka kikaango kipana, utie mafuta na kijiko kimoja cha siagi. Siagi peke yake huungua upesi, mafuta huisaidia. Panga vipande bila kuvirundika, kila kimoja kiguse chuma. Ukivirundika vitatokota kwa mvuke wake vyenyewe, wala havitapata rangi. Punguza makaa, uvigeuze polepole muda wa dakika kumi au kumi na tano, hata viwe vyekundu-vyekundu kila upande, na ndani viwe laini kwa kisu. Vipakue katika sahani ya moto.

Sasa tia katika kikaango kile kile siagi iliyobaki. Ikianza kutoa povu, tia majani ya seji yaliyopanguswa yakakauka kabisa, kwa kuwa maji yataruka yakuchome. Yaache kiasi cha nusu dakika, mpaka yakakamae na povu litulie. Yakigeuka rangi ya udongo yamekwisha kuungua, nayo yatakuwa machungu. Mimina siagi na majani yake juu ya pasinipi, nyunyiza pilipili manga, upeleke mezani mara moja. Huliwa vema pamoja na kuku, au maharagwe, au mkate. Mwenye tanuri aweza kuvipaka vipande mafuta baada ya kuvichemsha, akavioka kwa moto wa digrii 200 muda wa nusu saa au zaidi kidogo, kisha akamimina siagi ya seji vivyo hivyo. Vipande vitakavyosalia vipondwe kesho yake, viongezwe maziwa na maji, vichemshwe: ni supu njema kwa mtoto na kwa mgonjwa. Asiye na pasinipi naye asivunjike moyo. Karoti hupikwa kwa njia hii hii, na hata kiazi kitamu, ila hiki dakika za kuchemsha zipunguzwe.

Tumefika sasa kwenye swali letu la kwanza. Wako watu katika nyumba zetu wanaoamini ya kuwa chakula chenye jina la kigeni ndicho chakula cha mtu aliyestaarabika, na cha nyumbani kwao ni cha washamba. Mgeni akija, bwana wa nyumba hukopa ili anunue vya mikebe, na muhogo ulio shambani hufichwa kama aibu. Wazazi wakifanya hivyo, watoto hujifunza upesi. Ndipo aonekanapo mtoto wa shule mwenye kiazi kitamu ndani ya kitambaa, akienda kukila nyuma ya jengo peke yake, huku mwenzake mwenye kipande cha mkate akila mbele ya watu wote. Kiazi kile mama yake alikilima, akakichimba, akaamka alfajiri akakichemsha. Mtoto anayekionea haya kiazi, kesho atamwonea haya aliyekipika. Hilo si jambo dogo.

Mtoto huyo na aambiwe habari za pasinipi. Kabla viazi vya mviringo havijaletwa Ulaya kutoka Amerika ya Kusini katika miaka ya 1500, na kabla sukari haijawa rahisi, mzizi huu ulikuwa chakula cha watu wengi maskini. Uliwashibisha, ukawatilia utamu katika vyakula, na wakati wa Kwaresima waliula pamoja na samaki wa chumvi. Baadaye viazi vikachukua mahali pake, na sehemu nyingine wakalishwa ng'ombe. Naam, mzizi ambao mtu wa huku angeuweka mezani kwa fahari, kwa sababu una jina la Kizungu, huko kwao ulipata kuwa lishe ya mifugo.

Tena waalimu wawasimulie habari za James Buckman, mwalimu wa chuo cha kilimo cha Cirencester, Uingereza. Mwaka 1847 alikusanya mbegu za pasinipi ya mwituni, ambayo mzizi wake ni mwembamba na mgumu. Akazipanda, akachagua mimea iliyo bora, akapanda mbegu zake, akachagua tena, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1860 aina yake ilitolewa kuuzwa, ikaitwa Student, maana yake mwanafunzi, nayo yapandwa hata leo. Haikuwa kazi ya siku moja, wala haikufanywa kwa kuudharau mzizi wa mwituni, bali kwa kuutunza.

Na liko jambo jingine. Wakati wa vita kuu ya pili, mnamo Novemba 1940, serikali ya Uingereza ilizuia ndizi zisiingizwe nchini, kwa kuwa merikebu zilihitajiwa kwa mambo ya lazima zaidi. Watoto wadogo wakakua bila kuijua ndizi. Mama zao wakafanya hila ya upendo: walichemsha pasinipi, wakaiponda, wakatia sukari na matone ya dawa yenye harufu ya ndizi, wakaipaka juu ya mkate na kuwapa watoto wao. Shehena ya kwanza ya ndizi baada ya vita ilifika mwishoni mwa Desemba 1945. Fikirini basi, ninyi mnaokaa Bukoba na Kilimanjaro na Buganda, mlio na migomba mlangoni: kilichoonwa kwenu kuwa cha kila siku, huko mama mmoja alikitafuta katika mzizi mweupe, asikipate ila kwa mfano.

Basi hatuwaambii msipike pasinipi. Tumewaonyesha njia yake, nayo ni tamu. Wala hatuwaambii mjivune kwa vya kwenu, mkavicheka vya wengine. Petro alipokuwa juu ya dari kule Yafa alifunzwa asitenge vyakula wala watu kwa desturi aliyokua nayo, na funzo lile lafaa kila upande. Hakuna mzizi ulio wa Kikristo wala mzizi ulio wa kipagani. Kila mmoja umeota katika udongo wa Mungu, ukampa maskini nguvu ya kuamka kesho yake. Ubora wa chakula hautokani na jina lake, bali na usafi wa mikono, na uangalifu wa moto, na shukrani ya walao.

Kwa hiyo, ninyi akina baba, siku mgeni atakapofika, wekeni mezani kilichomo nyumbani, kimepikwa vema, wala msikiombee radhi. Ninyi akina mama, wafundisheni binti zenu na wana wenu pia kupika mizizi ya kwenu kwa uangalifu ule ule mtakaotumia kwa pasinipi na seji. Na ninyi waalimu, wakati wa mapumziko, mmoja wenu na alete kiazi kitamu chake, akakile mbele ya watoto. Somo hilo halihitaji ubao wala chaki.

Mpaka mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu na meko yenu.