Shaka ya Kinjeketile Jukwaani: Maoni Kuhusu Uigizaji wa Mhusika Mmoja Mkoani Songwe

Tangu Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, mhusika wake mkuu amekuwa akifasiriwa kwa namna mbili. Wako wanaomwona shujaa wa taifa, na mwigizaji wao hupanda jukwaani kwa sauti nzito na mkono ulioinuliwa, akiitazama hadhira kana kwamba ni jeshi lake. Wengine humwona mtu aliyeshikwa na neno asilolimudu. Makala haya yanatetea ufasiri huu wa pili. Tena, kwa maoni yangu, hakuna mahali pafaapo kuujaribu kama Tunduma, Vwawa na sehemu nyingine za Songwe, ambako Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 havikufika.

Hoja hiyo yaweza kuonekana kinyume. Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906, hadhira huketi na wafu wake. Huko mwongozaji hana uhuru mkubwa, kwani kumwonyesha Kinjeketile akitetemeka ni kama kuwatilia shaka mababu wa watazamaji. Mnyiha au Mnyamwanga hana kaburi la kulinda katika kisa hiki. Aweza kumtazama Kinjeketile kama binadamu. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba mhusika huyu ni zao la ubunifu, si picha ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905.

Kiini cha tanzia hii, kama nionavyo, si kushindwa vitani. Kiini ni pale Kinjeketile, baada ya kutoka mtoni na kuwaunganisha watu, anapotambua kwamba bishara aliyoitamka inawafanya kuwa watoto wa Seyyid Said. Mjerumani akiondoka, atakuja bwana mwingine. Mwigizaji wa kishujaa huyapita maneno hayo haraka, kwa kuwa yanamharibia hotuba. Ilhali hapo ndipo mtu anapovunjika, na yote yafuatayo hutegemea mvunjiko huo: kujitenga kwake, kusitasita kwake, na vita vinavyoanza bila ya amri yake.

Sasa tufikirie maneno hayo yakisemwa Tunduma. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga, wengine wakaangukia upande ambao leo ni Nakonde, Zambia. Wale wa upande huu wakawa chini ya Mjerumani, kisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakawa chini ya Mwingereza, bila ya kuhama nyumba zao. Hadhira ya namna hiyo haihitaji kufafanuliwa maana ya kubadilishiwa bwana. Mwongozaji mwenye busara atamwagiza mwigizaji asimame hapo, anyamaze, ajisikie alichokisema.

Kuna ufasiri wa tatu unaovutia siku hizi, nao unanitia wasiwasi zaidi kuliko ule wa kishujaa. Ni kumvalisha Kinjeketile suti na kumpa chupa ya maji ya upako. Naelewa unatoka wapi. Nchi ambayo mwaka 2011 ilishuhudia maelfu wakisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, haiwezi kutazama kisa cha maji bila ya kukumbuka mambo yake yenyewe. Lakini maleba hayo huamua kesi kabla haijasikilizwa. Humfanya Kinjeketile kuwa laghai, na laghai hana tanzia. Ana aibu tu akigunduliwa. Kinjeketile wa Hussein ndiye wa kwanza kuyaamini maji, na pia ndiye wa kwanza kuyatilia shaka. (Hao wauzaji wa upako waandikiwe tamthilia yao wenyewe, haitakosa watazamaji.)

Kitunda naye apewe mwigizaji aliye sawa na Kinjeketile. Mara nyingi nafasi hiyo hupewa mtu wa pili kwa kipaji, nalo ni kosa. Kitunda ni mtu wa mbinu na hesabu, baba aliyeona binti yake akichukuliwa. Uzito wa onyesho la mwisho gerezani hutegemea akili yake. Yeye ndiye anayemtaka mwenzake akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Mwigizaji wa kishujaa hukataa mara moja, kwa kishindo, na watazamaji hupiga makofi. Ni makofi yasiyo na maana, kwani kukataa kwa mtu asiyekuwa na shaka hakumgharimu chochote. Kinjeketile anajua kwamba Kitunda anasema kweli. Anajua pia kwamba akikiri, Mjerumani atawaambia watoto wa watu hao kwamba hata sababu ya kupigana ilikuwa batili. Kwa hiyo mwigizaji achelewe kujibu, amtazame rafiki yake kwanza, kisha akatae kwa sauti ya mtu aliyechoka, isiyopita kuta za gereza.