Godauni si Gofu

Asubuhi moja ya kiangazi nilisimama kando ya Barabara ya Nyerere, jijini Dar es Salaam, ambayo watu wa umri wangu bado tunaiita Barabara ya Pugu, nikitazama katapila likibomoa godauni la zamani. Kuta zilianguka mapema. Nguzo za chuma na kenchi zilizobeba paa zikagoma. Hadi adhuhuri katapila lilikuwa likizizunguka kama mbwa anayemzunguka nyati, na dereva alikwisha kushuka kwenda kunywa chai kwa mama lishe.

Pembeni yangu alisimama mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli katika godauni hilohilo. Akaniambia, "Mwanangu, humu tulipanga marobota ya katani mpaka karibu na kenchi. Robota moja kilo 250. Sakafu haikupata hata ufa."

"Sasa mzee, wanataka kujenga nini?"

"Godauni," akajibu, akacheka hadi akakohoa. "La mabati."

Ndugu msomaji, kicheko kile ndicho kilichonikalisha kuandika makala haya. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na mzigo ule ulihitaji pa kulala ukisubiri meli. Ndiyo maana Dar es Salaam na Tanga zikapata majengo mapana, marefu kwenda juu, yenye sakafu nene na milango ya kupitisha lori. Katani ilipoanguka bei, majengo yakabaki, mengine kwa kufuli na mengine kwa popo. Leo tunayaita magofu. Gofu ni jengo lililokufa, na haya hayajafa. Yamekosa kazi tu, na asiyekuwa na kazi hazikwi.

Hebu tuhesabu kama wafanyabiashara. Katika jengo jipya, kilicho ghali ni msingi, sakafu, nguzo na paa. Rangi na mapazia huja mwishoni. Mwenye godauni kuukuu tayari anavyo vile vya gharama kubwa, na zaidi ya hapo ana uwanda mpana usiokatwa na nguzo kila hatua tatu. Saruji inayomwagwa leo imepikwa katika tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 1,450. Moto huo wote ulikwisha kuwaka zamani kwa ajili ya jengo lile la Pugu, na sisi tumekodi katapila ili tukauwashe upya. Huko ni kununua ng'ombe mmoja mara mbili, na mara ya pili unamnunua aliyekonda.

Wala si jambo geni kwetu. Kariakoo yenyewe ni nini? Wajerumani waliacha pale jengo la soko, Waingereza walipoushika mji mwaka 1916 wakapafanya kambi ya jeshi la wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa Mswahili ukalitengeneza jina likakaa vizuri mdomoni. Baada ya vita pakarudi kuwa soko. Soko lenye paa la miavuli ya zege, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Mombasa nako, Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na leo watoto wa shule wanaingia kwa mistari kutazama makumbusho. Ukuta wa jela umekuwa ukuta wa darasa bila kuhamishwa.

Lakini ninaloliona kubwa kuliko yote nimelipata mbali, São Paulo, Brazili. Huko mtaa wa Pompeia palikuwa na kiwanda cha mapipa kilichofungwa. Shirika la huduma za jamii kwa wafanyakazi wa biashara, SESC, lilikinunua likitaka kukijenga upya. Kazi akapewa Lina Bo Bardi, msanifu mzaliwa wa Italia aliyehamia Brazili mwaka 1946. Mara ya kwanza alipokwenda aliona tofali, zege na ukimya. Akarudi siku ya Jumamosi. Akakuta watoto wanakimbia, vijana wanacheza mpira katika madimbwi ya mvua, akina mama wanachoma nyama na kuandaa vitafunio. Hakuna aliyewaita. Walikuwa wamekwisha kupata kiwanda chao. Lina akaamua kwamba furaha aliyoikuta isiondoke, na kwamba kazi yake ni kuipa choo, taa na mahali pa kukaa.

Akahamishia ofisi yake palepale kwenye vumbi. Akabandua plasta ili tofali zionekane. Ndani ya banda kubwa akachimba kijito cha maji chenye kona kona, akakiita jina la mto São Francisco, na karibu yake akaweka meko ya kuotea moto. Maktaba akaiweka katikati bila kuizungushia ukuta, anayesoma akae karibu na anayecheza sataranji. Sehemu ya kiwanda ilifunguliwa mwaka 1982. Kwa michezo, eneo lilikuwa dogo, hivyo akasimamisha minara miwili ya zege kando, mmoja ukiwa na matundu ya ovyo ovyo badala ya madirisha, na madaraja ya kuvuka kutoka mnara hadi mnara. Watu wengine huiona minara ile kuwa mibaya. Mimi naipenda, lakini si hoja. Hoja ni ile Jumamosi. Alitazama kwanza nani yumo, ndipo akashika kalamu.

Kwetu kalamu hutangulia. Mwenye jengo huleta picha aliyoiona katika simu, ya duka la kahawa la Ulaya, anamwambia msanifu, "Nataka kama hii." Basi dari ya jipsamu inapigwa kuficha kenchi zilizokuwa uzuri wa nyumba, madirisha ya aluminiamu yasiyofunguka yanawekwa, na kwa kuwa sasa ndani pamekuwa tanuri, vinafungwa viyoyozi sita. Umeme ukikatika watu wanatoka nje kama nyuki waliopulizwa moshi. Somo hili tulipaswa kuwa tumelijua. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, kilipewa kuta za aluminiamu bila mpango wa kupitisha hewa, katika mji ambao joto lake kila mtu analijua. Kuta za namna hiyo ni za nchi za baridi.

Godauni la zamani lina dawa yake ndani yake. Hewa ya moto hupanda, na paa lake liko juu sana. Ukiacha uwazi juu ya kigongo cha paa, ukaufunika kwa kipaa kidogo kisichopitisha mvua, joto linatoka lenyewe usiku na mchana bila bili ya umeme. Ukifungua matundu ya chini katika kuta zinazokabiliana, upepo wa bahari utakuja wenyewe. Chini ya mabati weka dari nyepesi inayofuata mteremko wa paa, kenchi zibaki zinaonekana. Ukitaka vyumba, jenga ghorofa ya mbao ndani ya ganda la jengo, isiegemee kuta, ili atakayekuja baada yako aweze kuing'oa. Sakafu ile iliyobeba marobota isugue tu, usiiwekee vigae. Mpambaji mzuri wa ndani ni yule anayejua kuacha.

Wapo watakaosema mwandishi huyu anapenda mavumbi. La. Yapo majengo ya kubomoa. Paa la asbesto halina mapenzi. Vumbi lake likiingia mapafuni haliondoki, nalo lishushwe na watu wenye vifaa na barakoa za kazi hiyo, si vijana wa kibarua wenye nyundo na kandambili. Nondo zilizoliwa na chumvi ya bahari hadi zege likapasuka, hizo nazo hazibembelezwi. Mhandisi na aje kwanza. Ninachokataa ni kubomoa bila kupima, na kuliacha jengo lioze kwa makusudi ili siku moja tuseme, limeoza.

Zanzibar wanalijua hilo kwa uchungu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikaa miaka likidai matengenezo. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa umeanza, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Jengo halimngoji mtu. Lakini hatua chache kutoka hapo, ufukweni, ipo Zahanati ya Kale iliyoanzishwa kwa fedha za Tharia Topan katika karne ya kumi na tisa, yenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa kama lesi. Ilikuwa imechakaa vibaya, ikatengenezwa katika miaka ya 1990 na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, mafundi wakarudia chokaa badala ya kukimbilia saruji. Hapo ndipo penye siri ambayo mafundi wengi wa siku hizi hawafundishwi. Ukuta wa mawe ya matumbawe unavuta unyevu na kuutoa. Chokaa inauruhusu, saruji inauziba. Ukiupiga plasta ya saruji, maji na chumvi vinabaki ndani, na baada ya masika machache plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Mwenye nyumba analaumu bahari.

Sasa nifike kwa jambo linalonikera kuliko katapila. Jengo linaweza kuokolewa na watu wake wakapotea. Cape Town walikuwa na maghala marefu ya nafaka bandarini, yaliyokamilika mwaka 1924 na kuachwa mwaka 2001. Mwingereza Thomas Heatherwick aliyakata ndani, mirija ile ya zege arobaini na miwili, kwa umbo la punje moja ya mahindi iliyokuzwa, na mwaka 2017 yakafunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa ya Afrika ya leo, Zeitz MOCAA. Ukisimama chini yake ukatazama juu, unaona mirija iliyokatwa kama mkate, na mwanga unashuka. Ni kazi ya ajabu, sitaipunguzia sifa. Ila juu yake wameweka hoteli ya matajiri, na wachukuzi waliobeba nafaka ile na watoto wao hawatalala humo kamwe.

Heri Nairobi, ambako mwaka 2003 wasanii waliingia ghala lililokuwa la kutengenezea magari katika eneo la viwanda wakaliita GoDown, bila kujitafutia jina la fahari. Heri Mikocheni, ambako Nafasi Art Space imewapa wachoraji na wachongaji vyumba vya kazi katika makontena ya meli. Humo fundi anachomelea na mchoraji anapaka rangi, na hakuna anayemwona mwenzake kuwa uchafu. Ndivyo ninavyotaka magodauni ya Pugu yawe: chini karakana na mama lishe mwenye meko ya kudumu na maji ya bomba, juu chumba cha kusomea, pembeni ukumbi wa harusi wa kulipia gharama. Pango la fremu za mbele lisaidie pango la fundi wa nyuma. Atakayesema haiwezekani aende akahesabu, kisha anioneshe hesabu.

Kwa hiyo nawaomba watatu. Enyi wenye magodauni, kabla ya kumwita mwenye katapila mwiteni mkadiriaji majenzi, ni rahisi kuliko mnavyodhani. Enyi wa halmashauri, kibali cha kubomoa kisitolewe mpaka jengo lipimwe, lichorwe na lipigwe picha, na orodha ya majengo hayo ibandikwe mahali raia anaweza kuisoma. Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, mna futi kamba na mna macho. Msinichoree mnara wa kioo wa Dubai kwa mtihani wenu wa mwisho. Pacha wa lile godauni lililobomolewa bado amesimama upande wa pili wa reli, na ufunguo anao mlinzi. Nendeni Jumamosi, mtazame kwanza ni nani tayari anacheza mpira ndani yake.