Machozi kwa Hachi, Kandambili kwa Simba



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, familia moja ya kigango kilicho kando ya barabara ya Masasi kwenda Newala ilitukaribisha ugali na kisamvu. Baada ya chakula watoto walitia sidii kwenye deki, nasi tukaketi kutazama pamoja nao filamu ya mwaka 2009 ihusuyo mbwa aitwaye Hachi, aliyoigiza Richard Gere. Wengi mnaifahamu. Profesa anamwokota mtoto wa mbwa stesheni. Mbwa akishakua, humsindikiza bwana wake kwenye treni kila asubuhi na kumpokea jioni. Siku moja bwana anafia kazini. Mbwa hana wa kumweleza, naye anaendelea kumngoja pale pale, masika kwa kiangazi, mpaka anazeeka.

Mama wa nyumba alifuta macho kwa pindo la khanga. Baba alisingizia moshi wa jikoni. Nasi tukiri kwamba miwani yetu ilihitaji kufutwa.

Kabla machozi hayajakauka, Simba, mbwa wa nyumba hiyo, alichungulia mlangoni akifuata harufu ya chakula. Kandambili ilimpata ubavuni, akatoka akilia. Hakuna aliyegeuza shingo, wala sisi wenyewe. Jambo hilo lilitujia njiani, pikipiki ilipokuwa ikipanda uwanda wa Makonde.

Hatuandiki haya kwa kuwacheka wenyeji wetu. Anayeweza kulia kwa ajili ya kiumbe kisichosema bado ana moyo wa nyama, na filamu inayomliza baba mbele ya watoto wake imeweza jambo ambalo mahubiri yetu mengi hayajaliweza. Lakini twaona kwamba filamu za namna hii husifu mno uaminifu wa mbwa, hata tukasahau kuulizana habari za uaminifu wetu kwake. Mbwa wa kwenye kioo hana viroboto, hanuki, wala hanywi maji ya ndoo tuliyoinunua. Kumpenda hakugharimu kitu.

Hachi wa kweli alizaliwa Japani mwaka 1923. Bwana wake, profesa Ueno wa chuo kikuu cha Tokyo, alifariki mwaka 1925, naye mbwa akaendelea kufika stesheni ya Shibuya kwa karibu miaka 10, hadi alipokufa Machi 1935. Miaka ya mwanzo watu wa pale stesheni walimfukuza na kumpiga. Mwaka 1932 gazeti liliandika habari zake, ndipo wakaanza kumletea chakula. Mwaka 1934 wakamsimamishia sanamu naye angali hai. Yaani kwa miaka kadhaa Hachi alikuwa Simba.

Katika Kitabu cha Tobiti mbwa anatajwa mara mbili tu: anaondoka pamoja na Tobia na malaika, kisha anarudi nao. Haokoi mtu, hafi kwa huzuni. Ni mmoja wa wasafiri, basi. Na jirani zetu Waislamu, ambao taratibu zao juu ya mate ya mbwa twaziheshimu, husimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Juu huku Newala, ambako maji yana thamani yake, simulizi hilo lina uzito.

Yupo atakayeuliza: Padre, watu wamekosa dawa, nawe waleta habari za mbwa? Swali ni halali. Katekisimu hukataza kuwatesa wanyama pasipo sababu, na papo hapo hufundisha kwamba haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo kwanza zingewaondolea watu taabu. Hapa kwetu, hata hivyo, mambo hayo mawili hukutana kwenye sindano moja. Filamu ya Walt Disney ya mwaka 1957, Old Yeller, ilithubutu kulionesha jambo ambalo nyingine hulikwepa: mbwa anailinda familia, anapata kichaa cha mbwa, na kijana ampendaye analazimika kumpiga risasi.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kati ya watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Kuanzia mwaka 2010, kwa miaka kadhaa, serikali na Shirika hilo waliendesha kampeni ya kuwachanja mbwa huku kusini mashariki. Lakini ugonjwa huzuilika pale tu mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, na mbwa huzaa kila mwaka. Kampeni ile haimkingi kinda aliyezaliwa juzi. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afikishwe hospitali siku ile ile, si kwa mganga kwanza.

Tulirudi kwa familia ile Jumatano, tukauliza kama Simba amechanjwa. Baba alicheka: “Padre, cheti cha ubatizo cha mtoto tumekipoteza, sembuse cha mbwa!” Tukamkumbusha kwamba tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini hakuna haja ya kuingoja, afisa mifugo yupo. Ameahidi kumpeleka. Tulipoondoka watoto walikuwa wakitafuta kamba.