Kodi ya Miezi Sita Siyo Mila, Ni Kazi ya Bunge



Leo siandiki kuhusu Katiba Mpya wala Tume ya Uchaguzi. Naandika kuhusu chumba. Chumba kimoja cha kupanga Dar es Salaam, choo cha kuchangia, ambacho kinamfanya mkulima wa Kivukoni akope hela mwezi wa kumi na kuilipa kwa magunia ya mpunga wakati wa mavuno.

Nikisema Kivukoni simaanishi ile ya mjini yenye Ikulu. Namaanisha ya kwetu Ifakara, kwenye mto Kilombero. Kabla daraja halijafunguliwa 2018, pale tulivuka kwa kivuko, na tuliokulia pale tunajua jambo moja: kivuko kikigoma, nauli anaipanga mwenye mtumbwi. Hubishani naye, maana wewe unataka kuvuka na kasia analo yeye. Vyumba vya wanafunzi Dar viko hivyohivyo.

Nianze na yangu. Mwaka wa kwanza nilipata kitanda hosteli. Mwaka wa pili jina halikutoka. Hapo una njia mbili. Ama ubebwe, yaani mlale wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja huku mnamkwepa mlinzi, ama uingie mtaani. Nilibebwa wiki tatu, mpaka nikaona namuharibia mwenzangu usingizi na masomo. Nikaingia mtaani: Msewe, Changanyikeni, Makongo, Mabibo, nikaishia Kimara.

Mtaani unaanza na dalali. Hela ya kuonyeshwa 10,000, hata kama chumba kilishachukuliwa jana. Ukikipenda, anachukua kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita mbele, wengine mwaka mzima. Mmoja nilimwomba, "Baba, naomba nilipe mitatu sasa, mitatu mingine bumu likitoka." Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Binti, wewe njoo jioni, tutaelewana tu." Nilikuwa na miaka 21 na begi langu liko kwa rafiki. Sikurudi. Lakini mpaka leo najiuliza ni wangapi walirudi, kwa sababu usiku ule hawakuwa na pa kulala.

Sasa tupige hesabu. Mwanafunzi mwenye mkopo anapewa na Bodi 10,000 kwa siku, ya chakula na malazi. Ndiyo kiwango tangu 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Bumu la siku 60 ni 600,000. Chumba changu ni 80,000 kwa mwezi. Miezi sita, 480,000. Dalali, 80,000. Kuonyeshwa vyumba viwili tu, 20,000. Jumla 580,000. Inabaki 20,000 ya kula siku 60, yaani shilingi 333 kwa siku. Hiyo ni chapati moja, bila chai.

Na hapo nimedhani bumu limeshaingia. Mwenye nyumba anataka hela siku unayoingia, wakati bumu lenyewe bado mnalisubiri. Kwa hiyo unapiga simu nyumbani. Kwetu mpunga unavunwa katikati ya mwaka. Vyuo vikifunguliwa, mavuno yameshauzwa na baba anaandaa shamba jipya. Anakopa kwa mwenye hela, anaahidi magunia, na bei ya gunia anaipanga mkopeshaji. Mwaka ule aliniambia kwenye simu, "Mama, wewe soma, magunia yatapatikana." Yalipatikana kweli. Kilichokosekana ni bati. Nyumba anayojenga baba Kivukoni mpaka leo haijaezekwa, na hela ya bati imekaa Kimara kwa mwenye nyumba wangu.

Watu wanasema, "Ndo utaratibu wa Dar huo." Hapana jamani. Hebu tuangalie sheria, maana ndiyo ninayosoma.

Nchi hii ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilikuwa na viwango vya kodi na mabaraza ya nyumba ambako mpangaji angeweza kumpeleka mwenye nyumba. Haikuwa sheria kamilifu. Lakini mwaka 2005 Bunge liliifuta, na mpaka leo hatujapata nyingine ya kushika nafasi yake. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ina sehemu nzima kuhusu upangaji, ila haimwambii mwenye nyumba mwisho wa kudai kodi mbele ni miezi mingapi. Hicho mnachokiita utaratibu ni pengo lililoachwa na Bunge.

Watetezi wa chama tawala watasema mkataba ni hiari. Vizuri. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inadai ridhaa iwe huru. Nendeni Kimara wiki chuo kinafunguliwa, mkamtazame binti mwenye begi kichwani, anatoka mikoani, giza linaingia, halafu mniambie uhuru wake uko wapi. Najua mahakamani hoja hii peke yake haitamwokoa. Ndiyo maana tunahitaji sheria ya nyumba, tuache kutegemea huruma.

Kwa nini haiji? Ahadi tumezisikia bungeni zaidi ya mara moja. Mimi nakumbuka jambo lingine. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likaliondoa sharti hilo. Sisemi kila mbunge ni mwenye nyumba. Nasema tangu hapo anayetunga sheria anaruhusiwa kuwa yuleyule anayekusanya kodi, na mpangaji hana wake mezani.

Kuna wenye nyumba wanaonisoma, na wana hoja. Wapo wapangaji wanaokimbia na madeni, wengine wanaacha chumba kimebomolewa. Wapo wajane wanaoishi kwa hivyo vyumba vitatu vya uani. Sawa. Dawa yake ni amana ya mwezi mmoja na baraza linaloamua haraka kwa pande zote mbili. Majirani zetu hawajashindwa. Uganda walitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, ikaweka kikomo cha kupandisha kodi kwa mwaka. Na Nairobi watu wengi wanalipa mwezi kwa mwezi, na nyumba bado zinajengwa.

Tuwe wakweli pia: hosteli za Magufuli pale UDSM, zilizofunguliwa 2017 na nafasi 3,840, zilisaidia sana. Zilionyesha kwamba Serikali ikiamua inaweza. Basi iamue tena, na isiishie chuo kimoja.

Badala yake imetuongezea mzigo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Mdaiwa ni mwenye jengo. Anayenunua umeme ni nani? Mwanafunzi aliyepanga. Yaani nakopeshwa na Serikali, hela hiyohiyo nailipa Serikalini kwa niaba ya mwenye nyumba, halafu nikimaliza chuo Bodi inanidai niirudishe.

Tunachotaka ni vitu vinne. Kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na amana isizidi mwezi mmoja. Mabaraza ya nyumba yarudi. Dalali asajiliwe, alipwe na mwenye nyumba aliyemtuma, na hela ya kuonyeshwa iwe marufuku. Kodi ya jengo iliyokatwa kwenye LUKU ipunguzwe kwenye kodi ya chumba, bila kumbembeleza mtu.

Na viongozi wetu wa chama nao nawaambia: msitukumbuke wanafunzi siku ya maandamano tu. Hayo manne yaingie kwenye ilani, kwa maneno yanayoeleweka, tuweze kuwadai.

Wewe unayesoma ukiwa geto, tunza mkataba wako. Kama huna, dai risiti, na kama hupewi risiti, lipa kwa simu ujumbe ubaki. Kila tawi likusanye hizo karatasi, siku mgombea yeyote akija kuomba kura awekewe mezani, wa kwao na wa kwetu. Aulizwe swali moja: miezi sita mbele, unaifuta au huifuti?

Kivukoni tulivushwa miaka mingi kwa bei ya mwenye mtumbwi. Tuliacha siku daraja lilipojengwa.