Farasi wa Televisheni na Farasi wa Uwanjani

Wengi wetu hatujapata kusimama kando ya uwanja wa mbio za farasi. Hapa Afrika Mashariki mwenye nafasi hiyo ni hasa mkazi wa Nairobi, ambako uwanja wa Ngong upo tangu mwaka 1954. Sisi wengine, mwalimu wa Singida na karani wa Mtwara, tunaujua mchezo huo kwa ushahidi wa televisheni. Basi ni haki yetu kumhoji shahidi huyo.

Mwezi Januari 2012 kituo cha HBO cha Marekani kilianza kuonyesha mchezo wa kuigiza ulioitwa Luck, maana yake Bahati. Niliutazama nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, tumejazana bwenini watu kumi mbele ya kompyuta ya mwenzetu mmoja. Mtungaji wake, David Milch, hakuwa mgeni wa mambo haya. Yeye mwenyewe alimiliki farasi wa mbio, na aliwahi kupata ushindi katika mashindano makubwa ya Breeders' Cup. Sehemu ya kwanza iliongozwa na Michael Mann, na mwigizaji mkuu alikuwa Dustin Hoffman. Picha zilipigwa katika uwanja halisi wa Santa Anita, huko California.

Lazima nikiri kwamba mchezo ule ulikuwa mzuri. Haukubaki jukwaani pamoja na matajiri na kofia zao, bali ulishuka hadi mabandani. Tulimwona mkufunzi mhamiaji kutoka Peru, mwenye ulimi mkali na hila nyingi. Tuliwaona wacheza kamari wanne waliochakaa, ambao waliunganisha vijisenti vyao wakapata zaidi ya dola milioni 2 kwa siku moja. Mwenzetu mmoja aliuliza kila baada ya dakika tano, "Sasa hapa mwizi ni nani?" Hakujibiwa, maana hata sisi hatukujua.

Lakini katika sehemu hiyo hiyo ya kwanza farasi mmoja alivunjika mguu katikati ya mbio, akauawa papo hapo ili asiteseke. Muziki ukashuka taratibu, mpanda farasi akalia, nasi bwenini tukanyamaza. Hapo ndipo lilipo lawama langu. Kifo kile kilipambwa. Kilionyeshwa kama msiba wa majaliwa, mfano wa radi iliyompiga mtu shambani, wala hapakuwa na aliyeulizwa hali ya uwanja, umri wa farasi, au dawa alizopewa asubuhi ile.

Majaliwa yenyewe yakaja kuulipa mchezo. Farasi wawili waliumia wakati wa kupiga picha za mbio, mmoja mwaka 2010 na mwingine 2011, nao wakauawa. Tarehe 13 Machi 2012 farasi wa tatu, akiwa anarudishwa bandani, aliinuka kwa miguu ya nyuma, akaanguka chali na kuumia kichwa, naye hakupona. Kesho yake HBO ikatangaza kuusimamisha mchezo, ingawa mfululizo wa pili ulikuwa umekwisha agizwa. Wapo waliosema sababu ya siri ilikuwa uchache wa watazamaji. Na iwe hivyo. Iliyotajwa hadharani ilikuwa usalama wa farasi.

Sasa tuulinganishe uwanja na mchezo wake. Kwa hesabu za Jockey Club ya Marekani, mwaka 2009 walikufa farasi 2 katika kila 1,000 walioingia mbioni. Katika uwanja ule ule wa Santa Anita, kati ya mwisho wa Desemba 2018 na Juni 2019, walikufa farasi 30. Mbio zilisimamishwa kwa majuma machache mwezi Machi, kisha zikaendelea. Vifo vitatu viliuzima mchezo wa kuigiza, na vifo 30 havikuufunga uwanja! Hata hivyo kelele za mwaka 2019 hazikwenda bure, kwani Desemba 2020 Marekani ilipitisha sheria ya taifa zima kuhusu usalama wa mbio hizo, na mwaka 2023 hesabu ilikuwa imeshuka hadi 1.32 katika kila 1,000. Jambo la kuzingatia ni kwamba umma uliamshwa na waandishi wa habari waliohesabu mizoga, mmoja baada ya mwingine. Waigizaji walikuwa wametuliza tu.

Waingereza nao wana kosa la upande wa pili. Peaky Blinders ya BBC, iliyoonyeshwa kuanzia 2013 hadi 2022, inaufanya uwanja wa mbio kuwa pango la majambazi wenye suti nzuri. Kwamba magenge yalitawala dau za viwanjani katika miaka ya 1920 ni kweli ya historia. Lakini mtazamaji huondoka akimhusudu jambazi, na farasi hamkumbuki kabisa.

Afadhali Korea Kusini, ambako umma ulishtuka kwa haki. Novemba 2021, katika kuandaa tamthilia ya KBS juu ya mfalme Taejong, farasi alifungwa waya miguuni ili aanguke mbele ya kamera. Alikufa baada ya juma moja hivi. Habari zilipofichuka Januari 2022, ikajulikana kwamba alikuwa farasi mstaafu wa mbio. KBS ikaomba radhi na kusimamisha maonyesho kwa muda. Ni mara chache sana kamera hutuambia farasi wa mbio huishia wapi akishachoka. Safari ile ilituambia bila kukusudia.

Na saisi je? Katika mabanda ya California wengi wa watu hao ni wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, wanaoamka kabla ya alfajiri kuosha, kulisha na kutembeza mali ya tajiri, na wengine hulala humo humo uwanjani. Katika tamthilia nyingi saisi hupita nyuma ya mwigizaji mkuu, ameshika hatamu, hana jina.

Mwezi uliopita niliingia katika duka moja la kamari hapa mjini kumtafuta kijana wa jirani yangu. Ukutani farasi walikuwa wakikimbia, weusi na wekundu, kila baada ya dakika chache. Wamechorwa na kompyuta: hawana saisi, hawavunjiki miguu, hawafi. Kijana alikuwa ameweka nauli yake ya juma zima juu ya farasi namba 4. Nilimwuliza kama amepata kumwona farasi. Akanijibu bila kugeuka, "Si huyo hapo, kaka?"